Mzigo wa Bibi si Kanda la Usufi

Mpendwa msomaji, ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia magonjwa na namna ya kuyakinga: malaria, kuhara, minyoo, upungufu wa damu. Mwezi huu tunaomba ruhusa yako tuzungumzie fedha. Usishangae. Ukitufuata hadi mwisho utaona kwamba mambo haya mawili hayaachani.

Siku moja katika kliniki ya watoto tulimpokea bibi aliyembeba mgongoni mjukuu wa miaka miwili na nusu. Mtoto alikuwa amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, hachezi wala halii kwa nguvu. Ulikuwa utapiamlo, ule unaoitwa kwashiakoo. Mama wa mtoto alifariki mwaka uliotangulia, na baba hakujulikana aliko. Muuguzi wetu alianza somo lake kama ilivyo desturi: "Bibi, mtoto huyu anahitaji maziwa, mayai, dagaa na maharage. Ndizi peke yake hazitoshi."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole: "Mwanangu, hayo yote nayajua. Nimelea watoto saba. Sikukosa mafunzo, nimekosa kuku."

Tulinyamaza. Kwa miaka mingi tumefundisha somo la lishe kana kwamba ugonjwa wa nyumba zile ni ujinga. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: je, inafaa kumpa bibi mawaidha na kumwacha arudi nyumbani mikono mitupu?

YATIMA NI NANI, NA NANI HUMLEA?

Katika hesabu za afya na ustawi wa jamii, yatima ni mtoto aliye chini ya miaka 18 ambaye amefiwa na baba, au mama, au wote wawili. Sisi wa mkoa wa Kagera tumelizoea neno hili kuliko tulivyopenda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata zilikuwepo familia zilizozika vijana wao wote, wakabaki wazee na wajukuu tu. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zimetolewa bure nchini, na wazazi wengi wamebaki hai kuwalea watoto wao. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini yatima hawajaisha. Mama hufariki kwa matatizo ya uzazi, baba hufariki kwa ajali ya pikipiki, na wengine huchukuliwa na kifua kikuu au saratani iliyogunduliwa ikiwa imechelewa.

Watoto hawa wako wapi? Wachache wako katika vituo vya kulelea yatima. Walio wengi wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo, au kwa kaka mkubwa aliyeacha shule. Walezi hawa hakuna aliyewaajiri. Matanga yaliondolewa, wageni wakaaga, na mtoto akabaki amekaa mkekani. Huo ndio uliokuwa mkataba wao.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kichwani pake unauona mwepesi. Tunamsifu bibi kwa moyo wake, tunasema Mungu atamlipa, kisha tunapita njia. Ndani ya kanda lile hakuna usufi. Mna sare ya shule, mafuta ya taa, sabuni, dawa ya kikohozi, na usiku mzima wa kukesha na mtoto mwenye homa.

SENTIMITA MBILI

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya umaskini, si ya afya. Tuwape mfano wa hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walitembelea kaya zaidi ya 900 za mkoa wa Kagera na kuandika hali zao. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu wale wale, na watoto wa wakati ule walikuwa wamekuwa watu wazima. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walionekana kuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamepoteza karibu mwaka mmoja wa masomo.

Sentimita 2 ni upana wa kidole gumba. Lakini fikiri, msomaji, namna urefu unavyopotea. Unapotea katika chakula cha jioni kilichokosekana, katika malaria iliyotibiwa siku ya tano badala ya siku ya kwanza, katika minyoo isiyotolewa. Tena haurudi. Mtoto aliyekosa chakula akiwa na miaka miwili huwezi kumlipa deni lake akiwa na miaka ishirini. Ndiyo maana tunasema msaada kwa mlezi ni kinga, kama chanjo ilivyo kinga, na una wakati wake.

Tunao pia mfano mwema. Wilayani Muleba, tangu mwaka 2003, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee posho ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea. Uchunguzi uliofanywa juu ya kazi hiyo ulitolewa mwaka 2008, na jina lake likawa chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo linatosha kuwajibu wale wanaodhani kuwa fedha za bibi zitaishia kilabuni.

SERIKALI IMEFANYA NINI?

Haki isemwe. Serikali yetu haikukaa bure. Ada ya shule ya msingi ilifutwa kuanzia mwaka 2001, na mwaka 2016 ikafuatiwa na ya sekondari hadi kidato cha nne. Mwaka 2007 ulitolewa mpango wa taifa wa huduma kwa watoto walio katika mazingira hatarishi, na mwaka 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na tangu mwaka 2012 umeendesha mpango wa kunusuru kaya maskini, unaoyapa makundi hayo ruzuku ya fedha. Mpango huo umezitaka kaya zenye watoto kuwapeleka kliniki na shuleni. Wako mabibi tunaowafahamu ambao ruzuku hiyo imewawezesha kununua mbuzi au kuezeka nyumba.

Lakini msingi wa mpango huo ni umaskini wa kaya, si uyatima wa mtoto. Orodha ya walengwa huandikwa kwa awamu. Kifo hakiji kwa awamu. Shangazi ambaye siku ya kuandikwa alijimudu kwa shamba lake la kahawa na migomba, mwezi unaofuata analetewa watoto watatu wa marehemu dada yake. Vinywa vimeongezeka, shamba halikuongezeka, na orodha imekwisha kufungwa.

Pengo hilo kwa miaka mingi lilizibwa na wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi iliyokuwa ikiwahudumia yatima ikasimama pamoja nayo. Hatuwalaumu waliotusaidia, tunawashukuru. Ila tumepata fundisho: sahani ya mtoto wa Muleba haifai kutegemea uchaguzi wa nchi ya mbali.

TUJIFUNZE KWA WENGINE

Kenya ilianza mwaka 2004 kwa majaribio ya kaya kama 500 zenye yatima. Baadaye mpango ukaenea nchi nzima, na posho ikafika shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mapungufu yalikuwepo: kiasi kilibaki pale pale huku bei ya unga ikipanda, na malipo mara nyingine yalichelewa kwa miezi. Hata hivyo watafiti waliofuatilia kaya hizo waliona jambo ambalo wazazi wote wangefurahi kulisikia: vijana wa nyumba zilizopata posho walichelewa zaidi kuanza mahusiano ya kimwili kuliko wenzao wa nyumba zisizopata. Hakuna hotuba iliyowafanya hivyo. Msichana aliyenunuliwa viatu na bibi yake hana sababu ya kuvipokea kwa mwanamume.

Afrika Kusini inatufundisha kwa upande mwingine. Huko iliwekwa posho nono kwa walezi wa kambo, lakini ilidai amri ya mahakama. Mabibi walipoanza kuiomba kwa maelfu, maofisa ustawi wa jamii na mahakama wakazidiwa, hata mwaka 2011 Mahakama Kuu ikalazimika kutoa amri ya kuongeza muda ili posho zisikatike. Hatimaye sheria ilibadilishwa mwaka 2020, na kuanzia mwaka 2022 ndugu anayelea yatima akaweza kupata nyongeza juu ya posho ya kawaida ya mtoto bila kupitia mahakamani. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kutambua kwamba bibi hahitaji hakimu kuthibitisha kuwa yeye ni bibi.

Karibu zaidi na nyumbani, mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani ni maskini na nani siyo. Tunajua wazee hao hawali peke yao.

MAONI YETU

Sisi tunaona serikali iweke posho ya mlezi wa yatima, na iwe na sifa hizi nne.

Kwanza, imfuate mtoto. Akihama kutoka kwa bibi kwenda kwa shangazi, posho ihame naye, na isisubiri awamu.

Pili, isidai mahakama. Cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa serikali ya kijiji vitoshe. Na pale ambapo hakuna cheti cha kifo, wanakijiji waliobeba jeneza wanajua nani amekufa.

Tatu, iwe ya uhakika hata kama ni ndogo. Fedha kidogo inayokuja kila mwezi humwezesha mlezi kupanga na kukopesheka dukani. Fedha nyingi inayokuja isikojulikana lini huishia kwenye madeni.

Nne, itoke katika kodi zetu wenyewe, iandikwe katika bajeti kila mwaka, ili asiwepo wa kuiondoa kwa barua moja kutoka ng'ambo.

Tunazijua hoja za kupinga. Wengine husema watu watagombea yatima kwa tamaa ya posho. Hatari hiyo ipo, hatuikatai. Dawa yake ni macho ya majirani na ziara za ofisa ustawi wa jamii. Tusiwanyime mabibi elfu waaminifu kwa sababu ya mjomba mmoja mwenye tamaa. Wengine husema ukoo utasahau wajibu wake. Sisi tunaotembelea nyumba hizo tunasema ukoo haujasahau, umechoka. Na wengine husema afadhali kujenga vituo. Hapo tujisahihishe hata sisi ndani ya Kanisa, maana tumependa majengo yanayoonekana na wageni. Kituo kinahitaji mpishi, mlinzi, umeme na ukarabati. Bibi anazo tayari nyumba, jiko na mapenzi. Kituo kibaki kwa mtoto asiye na ndugu kabisa.

WAKATI TUKINGOJA

Mlezi mpendwa, yako mambo unayoweza kuyafanya leo. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema, kwa maana bila hicho milango mingi itafungwa. Tunza kadi yake ya kliniki na umpeleke kupimwa uzito kila mwezi mpaka atimize miaka mitano. Ikiwa hujui wazazi wake walifariki kwa nini, mpeleke apimwe virusi vya UKIMWI; mtoto akianza dawa mapema atakua kama wenzake. Hudhuria mkutano wa kijiji na useme wazi kwamba umepokea yatima, jina liandikwe. Na wewe bibi, pima shinikizo la damu na macho yako. Sera ya afya inawapa msamaha wa gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Usione haya kuuliza. Mtoto amefiwa mara moja. Tunza afya yako asifiwe mara ya pili.

Yule mjukuu wa kliniki alipona. Wanajumuiya wa jirani walimpelekea bibi majike mawili ya kuku na debe la maharage, na mara ya mwisho tulimkuta mtoto anawafukuza kuku uani. Lakini waliotoa kuku wale nao wanalea yatima nyumbani mwao, na mwaka huu mvua haikuwa nzuri. Mwezi uliopita bibi alitutembelea tena, safari hii amemleta mtoto mwingine, wa mpwa wake. Alituamkia, akakaa kwenye benchi, akasubiri tumwambie la kufanya.