Mukombero wa Getini Unatoka Wapi?

Makomredi, kila jioni pale getini kuna mama anayeuza mukombero, kipande shilingi 20, na foleni yake ni ya wanaume watupu. Sababu mnaijua, siiandiki hapa, mhariri wetu ni mtu wa kanisa. Mimi pia hutafuna, mtanicheka, lakini kwa sababu ya ile harufu tamu kama vanila. Kwa hivyo sikuja kuhubiri. Nataka tu tuulizane kitu ambacho hakuna anayemwuliza yule mama: hiyo mizizi inachimbwa wapi, na nani?

Jibu nililipata nilipokuwa TP katika shule moja karibu na Msitu wa Kakamega. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akikosa kipindi changu kila Ijumaa asubuhi. Nikamkaripia mbele ya wenzake, jambo ninalolijutia. Kumbe Ijumaa ni siku ya kwenda msituni, maana Jumamosi mnunuzi kutoka mjini huja na gunia. Hizo ndizo pesa zake za chakula cha mchana. Akaniambia, "Madam, zamani nilikuwa nachimba hapo tu ng'ambo ya mto. Siku hizi natembea mpaka saa sita ndio nipate wa kutosha."

Mukombero ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine. Mnunuzi anataka mzizi, na hapo ndipo shida ilipo. Ukichuma jani, mmea utachipua. Uking'oa mizizi yote, umeua. Kukhu wangu, ambaye hajawahi kukanyaga darasa la botania, huchimba upande mmoja tu, huacha mzizi mkubwa, hurudisha udongo, kisha haugusi tena mmea ule kwa muda mrefu. Yule kijana pia anayajua hayo, alinieleza vizuri kuliko nukuu zangu za somo. Lakini gunia halijai kwa kuchimba upande mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzetu wanaotaka mukombero upigwe marufuku getini. Mama atafukuzwa, biashara itahamia mifukoni mwa makoti, na kijana ataendelea kuchimba kwa bei mbaya zaidi. Wale wanaosema ati msitu ni mkubwa nao wananichosha. Kakamega ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Kenya haina mwingine kama huo wa akiba.

Njia ipo. Huko huko Kakamega, watafiti wa ICIPE walisaidia wakulima kupanda mukombero mashambani. Kikundi cha wakulima cha Muliru nacho hulima mmea wa jamii ya mrihani, hukata majani na kukamua mafuta ya dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kilipata Tuzo ya Equator. Jani linakatwa, shina linabaki, pesa inaingia. Mukombero hauna bahati hiyo, lazima uchimbwe. Ila anayechimba shambani kwake atapanda tena, asipopanda hana cha kuuza.

Sasa kwetu. Kila mwaka muungano wetu hupanda miche, tunapigwa picha na fulana mpya, na ikifika Januari yote imekauka. Nyuma ya hosteli ya wasichana kuna kipande cha ardhi kitupu hadi kwenye ua, na miti michache ambayo mukombero ungeipanda vizuri. Tuuoteshe hapo. Mama wa getini achimbe kwa zamu, na kila anapochimba, apande. Wa botania wapate mradi, sisi wa elimu tupate mahali pa kuleta wanafunzi. Najua tutaambiwa hosteli yetu imegeuka duka la dawa za wanaume. Na tuambiwe.

Mbegu ninazo, Kukhu alinipa kopo zima likizo iliyopita. Anayeshika funguo za lile lango la nyuma anitafute.