Windows 10 imefika mwisho: Data za utafiti Bagamoyo zitafunguka miaka 10 ijayo?

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama siku zote, ndiyo maana wengi waliona hiyo ni habari ya watu wa IT tu.

Kwa ukanda wa kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, ishu ni nzito kuliko inavyoonekana. Kunduchi kuna wanafunzi wa sayansi za majini wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watafiti wa uvuvi wa TAFIRI. Mbegani kuna kampasi ya FETA. Bagamoyo mjini kuna tawi la Taasisi ya Afya Ifakara (IHI).

Kazi zao zinategemea data, na data huchambuliwa kwa programu za takwimu kama SPSS, Stata na R. Programu hizo nazo zinategemea mfumo endeshi ulio chini yake. Huo ukizeeka, zinayumba zote.

Kusasisha kunakogeuka kununua kompyuta

IBM, iliyoinunua SPSS mwaka 2009, huweka tarehe ya mwisho kwa kila toleo. Tarehe ikipita, kasoro ikigundulika hakuna wa kuirekebisha. Chuo kinachotaka toleo jipya kinahitaji pia mfumo endeshi unaolikubali.

Hapo ndipo bajeti inapovurugika. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi, kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta nyingi za mtumba zilizoko mtaani hazifiki hapo. Kwa hiyo chuo kilichopanga kulipia leseni tu kinajikuta kinatakiwa kununua maabara nzima.

Njia ya mkato inajulikana: SPSS ya zamani iliyochakachuliwa, inayopita kwenye flash kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine msimu wa ripoti. Ni bure, lakini haipati masasisho, na hakuna anayejua imebeba nini ndani. Ikiwekwa kwenye kompyuta yenye majina na majibu ya vipimo vya wagonjwa, inakuwa suala la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Hatari kubwa haipigi kelele

Programu ikigoma kufunguka, angalau unajua kuna tatizo. Kazi ni pale inapofunguka vizuri halafu ikatoa jibu tofauti.

Mfano ni R, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo la 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadilisha njia ya kuchagua sampuli kwa bahati nasibu. Mtafiti aliyechagua kaya 200 kwa toleo la nyuma akirudia amri zilezile, kwa namba ileile ya kuanzia, anaweza kupata kaya nyingine kabisa.

Mwaka uliofuata, toleo la 4.0.0 likabadilisha namna maneno yanavyosomwa kutoka kwenye faili la data. Amri zilizokuwa zikifanya kazi miaka yote zikaanza kuleta makosa.

Mabadiliko yote mawili yalikuwa na sababu nzuri na yalitangazwa. Tatizo ni kwa aliyehama toleo bila kusoma tangazo, au aliyeandika ripoti bila kutaja toleo alilotumia. Anayekuja kuihakiki miaka mitano baadaye hana pa kuanzia.

Kung'ang'ania vya zamani nako kuna gharama. Oktoba 2020, mamlaka ya afya ya umma England iligundua kuwa karibu watu 16,000 waliokutwa na corona hawakuingia kwenye hesabu. Chanzo kilikuwa faili la Excel la muundo wa kale, lenye mwisho wa mistari 65,536. Mistari ilipojaa, waliozidi waliachwa nje. Kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao kukachelewa.

Kwa nini Bagamoyo inahusika

Bagamoyo ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Watoto 15,459 walishiriki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza chanjo hiyo itumike. Bagamoyo ikashiriki tena kwenye jaribio la chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa mwaka 2023.

Jaribio la kwanza lilipoanza Mei 2009, Windows 7 ilikuwa haijaingia sokoni. Tangu hapo Windows 7 imetoka, imetumika na kufungwa, na sasa Windows 10 nayo imefungwa. Maswali kuhusu chanjo hayaishi kwa kasi hiyo: kinga inadumu muda gani, nani ilimsaidia zaidi. Kuyajibu kunahitaji kurudi kwenye data ya zamani, na si Bagamoyo tu.

Nini kinawezekana

Kwanza, kununua muda. Microsoft inaziuzia taasisi za elimu masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 kwa dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Jumla dola 7. Kwa maabara ya kompyuta 50 ni dola 350 kwa miaka mitatu, muda unaotosha kupanga manunuzi bila kukurupuka.

Pili, programu huria. R, jamovi, JASP na PSPP hazina leseni ya kulipia, na PSPP imeundwa kufanana na SPSS. Gharama yake ni muda: mhadhiri aliyefundisha SPSS miaka 15 lazima naye arudi darasani, na mtaala ubadilike.

Tatu, mazoea yasiyohitaji hela. Kutunza nakala ya data katika muundo wa CSV, pamoja na maelezo ya kila safu inamaanisha nini. Kuandika toleo la programu kwenye kila ripoti. Wanaotumia Stata wana amri ya "version", mstari mmoja unaoifanya programu mpya ifuate kanuni za ile ya zamani.

Hili la tatu linaweza kuanza leo, hata kwenye chuo ambacho bajeti yake haijapita.

Watoto wa kwanza kuchanjwa mwaka 2009 sasa ni vijana wanaokaribia umri wa kuingia chuo. Mmoja wao akichagua kusomea takwimu, itakuwa aibu akute data iliyotokana na damu yake mwenyewe haifunguki.