Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii: Simba Yule Alikosa Kula

Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,

Nakiheshimu kiti chako, ndiyo maana nitasema bila kuzunguka. Mimi hupeleka wageni wapiga picha mbugani. Kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wangu, na msimu huu nimeipoteza.

Katika mbuga moja mbali na nyumbani tulimkuta simba jike akinyemelea pundamilia. Chuchu zake zilionyesha ananyonyesha. Nilisimama mbali, nikazima injini. Dereva mmoja akatangaza kwenye redio, vani zikamiminika, na mbili zikaacha barabara zikapita katikati ya simba na windo lake. Pundamilia wakatimka. Nilipiga nambari ya dharura iliyobandikwa langoni. Iliita hadi ikakatika. Mgeni wangu akashusha kamera, akasema hakuja kupiga picha za mnyama anayesumbuliwa. Kampuni iliyomleta imefuta kazi zote ilizoniahidi, na mkopo wa lenzi bado nadaiwa na sacco.

Mkopo nitapambana nao. Simba yule, Mheshimiwa, alikosa kula. Mama asipokula, maziwa hupungua, na watoto aliowaficha vichakani hawana mwingine wa kuwanyonyesha siku hiyo.

Duma nao huumia, kwa kuwa huwinda zaidi mchana, saa zilezile za watalii. Utafiti wa mwanasayansi Femke Broekhuis huko Maasai Mara, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba penye watalii wengi duma jike hukuza kwa wastani watoto 0.2 hadi wajitegemee; penye watalii wachache, 2.3. Huenda baadhi yao hupotea kwa sababu mama amekosa kula.

Na wanyama wengine hawana hata pa kukimbilia. Mbuga ya Ziwa Nakuru, jirani yangu, ina kilomita za mraba 188, imezungushiwa ua wa umeme, na maji yaliyoanza kupanda yapata 2010 yamemeza lango kuu la zamani na sehemu ya msitu wa migunga.

Kanuni ipo Mara: magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, wala yasimkaribie chini ya mita 25. Ifanye sheria katika kila mbuga, na dereva anayeivunja azuiwe langoni. Malipo ya kuingia mbuga za taifa hupitia eCitizen. Serikali iliyojua kupokea ada yangu haishindwi kujua ni gari gani limeingia. Mlitangaza wageni karibu milioni 2.4 kwa mwaka 2024. Mmehesabu wageni na pesa zao, lakini walinzi wa kupokea simu moja hamkuwaweka. Huko ni kuuza wanyama bila kuwalinda.

Simba yule alikosa kula mbele ya macho yetu. Picha za zile vani mbili ninazo, nambari za usajili zinasomeka. Tuma afisa wako aje azichukue.

Mwongoza wageni,
Bondeni, Nakuru