Tuache mboga ya bondeni, tupande isogi

Kila msimu wa mvua tunaona watoto wakipanda kutoka bondeni na mafungu ya ile mboga ya majini ambayo kwa Kifaransa huitwa kresoni. Inawasha kidogo ulimini na haina bei. Pesa ya chakula ikiisha kununua unga, maharage na mafuta, ya mboga haibaki. Tunaelewa.

Lakini maji yale yamepita wapi? Yamepita karibu na vyoo na mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Mna konokono wadogo humo, na kwao hutoka vijidudu vya minyoo ya ini vinavyoganda kwenye majani. Mama mmoja aliniambia, "Mimi naosha kwa chumvi." Mama, chumvi haitoshi, wala siki. Dawa yake ni kuchemsha. Sijataja bado kuhara na homa ya matumbo.

Kwa maoni yangu, kumkataza mtu mboga bila kumwonyesha nyingine ni kazi bure. Nyingine ipo: isogi, ambayo wenyeji wa huku Rwanda wanaijua sana na Watanzania huiita mgagani. Ina ukali wake pia, huvumilia jua, na haitaki kijito. Maji yakituama ndipo inapokufa.

Jaza gunia udongo na samadi iliyooza, toboa matundu chini. Mbegu ni ndogo mno, basi ichanganye na mchanga kabla ya kusia, kisha funika kwa udongo kidogo tu. Usisie mbegu iliyovunwa juzi. Nyingi hazioti mpaka zikae miezi kadhaa. Baada ya wiki 4 hadi 6 utaanza kuchuma. Maua yakichomoza yakate, la sivyo mmea utaacha majani na kukimbilia mbegu. Bakiza miwili mitatu ya mbegu.

Isogi hupikwa. Uchungu hupungua ikichemshwa, na karanga za kutwanga au mafuta kidogo husaidia mwili kupokea vitamini A. Wapenda mbichi watanung'unika, najua. Hao wapande saladi katika gunia la pili, waimwagilie na kuiosha kwa maji ya bomba.

Na kama mtoto wako ameshakula mboga ya bondeni, akapata homa na maumivu chini ya mbavu za kuume, mlete kituo cha afya, na useme alichokula.