Mwalimu na Biashara ya Picha

Wapo wanachuo wanaokwenda Kwaluguru kwa mazoezi ya kufundisha wakiwa na simu zenye kamera nzuri, nao huuliza: je, picha tupigazo haziwezi kuuzwa kwa njia ya intaneti? Zaweza. Kampuni kama Shutterstock, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, hukagua picha za yeyote aliyejiandikisha, na humlipa fungu kila mnunuzi anapolipia ruhusa ya kuzitumia.

Kazi hiyo hatuipingi. Twasema tu kwamba isianzie darasani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humpa mpigapicha haki juu ya picha yake. Lakini sura iliyomo ina mwenyewe. Kwa picha za matangazo, kampuni hudai hati ya ridhaa ya kila anayetambulika, na kwa mtoto, sahihi ya mzazi au mlezi. Mzazi aliyemleta mtoto asome hakumleta atangazie bidhaa. Tena, sahihi ya mzazi anayemwogopa mwalimu si ridhaa.

Basi anayeanza aanze na vitu: mkonge ulioanikwa Korogwe, mahindi ghalani Handeni, jembe lililochakaa mpini. Aandike jina la kitu, kijiji na wilaya, wala asitosheke na "Afrika", kwani mnunuzi hutafuta kwa maneno. Zoezi hilo ndilo tuwapalo wanafunzi wetu: tazama vema, kisha taja kwa jina lake.

Fedha za picha ni chache, nazo huja polepole. Imani ya wazazi ikishapotea, mwalimu atafundisha kwa nguvu ipi?