Gemu na heri isiyolipiwa

Mtoto amepagawa na pepo. Usiku pepo huyo huinua maiti na kuzituma kijijini, na watu wanakufa. Mchezaji wa Dragon Age: Origins, gemu ya kampuni ya BioWare ya Kanada iliyotoka mwaka 2009, anafika kwenye ngome ya Redcliffe na kukuta mambo mawili machungu ya kuchagua: amuue mtoto, au damu ya mama mtu imwagwe ili ipatikane njia ya kuingia kwenye ulimwengu wa pepo na kumfukuza. Kumbe ipo njia ya tatu. Mchezaji akiwa amejenga urafiki na waganga wa mnara wa ziwani, anaweza kufunga safari, akaomba msaada wao, kisha akarudi. Mtoto anapona, mama anapona. Pepo aliyekuwa akiua kila usiku hamgusi mtu kwa muda wote wa safari hiyo.

Hapo gemu hiyo, nzuri kwa mengi, inampunja mchezaji wake. Imemwekea mzigo begani, ikamwacha aumizwe kichwa nao, halafu ikautua yenyewe bila kumdai chochote. Na hizi ni gemu za uhusika, ambazo mtu huvaa nafsi ya mwingine kwa saa nyingi na kuambiwa kwamba maamuzi yake yana maana. Mwisho mwema uwepo, ndiyo. Lakini ulipiwe, na mchezaji amwone aliyelipa.

Tabora inaweza kuwafundisha jambo watunzi wa gemu za namna hii. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huo kuamua kama chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja; asiyejaza zote tatu, kura yake imeharibika. Viti 30 viligawanywa sawasawa kwa rangi, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 98 ya watu wake walikuwa Waafrika. Kuukubali uchaguzi huo kulikuwa sawa na kuibariki dhuluma. Kuususia kulimaanisha kukiachia viti chama cha UTP, kilichopendwa na serikali.

Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Husimuliwa kwamba Nyerere, kiongozi wa chama, aliwaomba wamfikirie mtu aliyevaa nguo nyeupe, ambaye mavuno yake yako ng'ambo ya tope: akitaka kuyafikia, atachafuka. Mkutano ukakubali kuingia kwenye tope. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa TANU na kuunda African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda, na Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Historia imeuita uamuzi ule kuwa wa busara, na jina hilo unalistahili. Ila mtunzi wa gemu angeshawishika sana kuongeza kitufe cha tatu: Nyerere anahutubia, Mtemvu anaguswa, wote wanakumbatiana. Kitufe hicho kingefuta kitu cha kweli kabisa. Mtemvu hakuwa mjinga wala msaliti. Alikuwa mtu aliyeona kanuni ikivunjwa, na baadhi ya watu wanaoona hivyo huondoka hata kama upande waliouacha utashinda.

Bili nyingine ilikuja baadaye, ikapelekwa Itetemia, karibu na Tabora. Huko ndiko kwa watemi wa Unyanyembe, na mtemi wa wakati huo, Abdallah Fundikira, alikuwa upande wa TANU. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa wawakilishi watano wa kuchaguliwa walioingia baraza la mawaziri, na baada ya uhuru akashika Wizara ya Sheria. Mwaka 1963 serikali ilifuta madaraka ya watemi nchi nzima. Kiti ambacho mtemi Isike alikifia mwaka 1893, alipojilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kutiwa mikononi mwa Wajerumani, kilipokonywa nguvu na serikali ya wananchi, na mwaka huohuo Fundikira akaacha uwaziri. Uhuru ulikuwa mwisho mwema. Itetemia iliulipia, na gemu inayosimulia uhuru bila kuipitisha hadithi yake Itetemia ingekuwa imesimulia nusu.

Wapo wanaosema gemu ni mapumziko. Mtu ameshinda kazini, bosi amemgombeza, daladala imemchelewesha. Kwa nini anyimwe dunia moja ambamo kila mtu anapona? Hoja hiyo ni nzito, na jibu zuri kuliko yote limo kwenye Undertale, gemu ya mwaka 2015 ya Mmarekani Toby Fox. Ndani yake kila adui anaweza kuachwa hai, na anayemwacha kila mmoja hai ana nafasi ya kufikia mwisho wa furaha ya kweli. Lakini asiyeua haongezeki nguvu. Anakabili vita vya mwisho akiwa na uhai uleule mdogo aliouanza, huku akikwepa mapigo bila kuyarudisha. Na aliyewahi kuwaua wote hadi mwisho, akirudi baadaye kuutafuta ule mwisho mwema, ataukuta umetiwa doa lisilofutika. Furaha ya namna hiyo humpumzisha mtu kwa sababu ameihangaikia.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Katika Fallout 3, ya mwaka 2008, mchezaji anaweza kupatanisha wakazi wa jengo la Tenpenny Tower na watu walioharibiwa na mionzi waliokuwa wamefungiwa nje. Anashawishi, anasuluhisha, wanahamia pamoja. Akirudi baadaye, wakazi wa zamani wameuawa. Mauaji hayo yanamjia ghafla. Uchungu wa kushtukiza namna hiyo una uvivu uleule wa njia ya tatu ya Redcliffe, kwani mchezaji hakupima chochote.

Mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion, gemu ya uhusika iliyochota kwenye hekaya za Kiafrika. Unyanyembe nako kuna hadithi inayosubiri. Mtemi Mnywa Sere alitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara Waarabu. Wakamng'oa, wakamweka Mkasiwa. Mwaka 1861 Mnywa Sere alimwomba mpelelezi Speke awapatanishe, na mazungumzo yakavunjika. Vita viliendelea hadi alipouawa mwaka 1865. Mtunzi akitaka kuruhusu amani ndani ya hadithi hiyo, airuhusu. Ila Waarabu walipe kodi, au Mkasiwa ashuke kwenye kiti, au Mnywa Sere ale kiapo cha kutokirudia kamwe, na mchezaji ndiye aende kumwambia mmoja wao, uso kwa uso, kwamba wa kulipa ni yeye.