Uangavu wa Maji Si Usafi Wake

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu kila mwezi, chemchemi hububujika chini ya vilima, na mito ishukayo kutoka msitu wa Mau haikauki upesi. Kwa sababu ya neema hii imezuka imani kwamba nchi yenye maji mengi na maangavu haina haja ya kuyapima. Imani hiyo ni ya hatari, na haistahili kuachwa bila kupingwa.

Penye viwanda na mashamba makubwa pana mitambo na magari; na penye hivyo pana matangi ya dizeli, karakana na oili chafu. Pana maghala ya mbolea na ya dawa za kuua magugu. Mijini pana vituo vya petroli ambavyo matangi yake yamefukiwa ardhini. Sisemi kwamba kila tangi linavuja. Nasema kwamba likivuja, macho hayatajua. Mafuta huzama polepole katika udongo mwekundu, huyafikia maji yaliyomo katika nyufa za mawe ya volkeno, kisha husafiri nayo kuelekea bondeni. Na bondeni ndiko watu watekako.

Wako wasemao, "Mvua yetu ni nyingi, huosha kila kitu." Kuosha si kuondoa. Mvua iuoshayo uchafu juu ya ardhi ndiyo iupelekayo chini. Nitrati ya mbolea haina rangi, harufu wala ladha, lakini huweza kumdhuru mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka wa miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Benzini, iliyomo ndani ya petroli na iwezayo kuleta saratani ya damu, mpaka wake ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ni jicho gani liwezalo kuiona?

Atakaye ushahidi na atazame Makueni. Mwezi wa Mei 2015 mafuta yalivuja huko Thange kutoka katika bomba liendalo Nairobi kutoka Mombasa. Yaliingia mtoni na katika ardhi ya kando yake, na wakulima wakaharibikiwa na maji waliyoyategemea. Mafuta yale yalikuwa mengi, kwa hiyo yalijulikana. Tangi lidondokalo tone kwa tone halitangazwi na mtu.

Wengine hujibu, "Tulikwisha kupima, maji ni mazuri." Hao na waulizwe: mlipima wapi, lini, na nani aliyepima? Ndoo moja ya siku moja haithibitishi neno. Visima vya uchunguzi havipaswi kupungua vitatu, tena visiwe katika mstari mmoja, kwa maana ni kwa kulinganisha vimo vya maji yake ndipo ijulikanapo maji yanaelekea upande gani. Kimoja huchimbwa mahali ambapo maji hayajapita chini ya kiwanda, na vingine baada ya kupita. Maji yaliyotuama kisimani hutolewa kwanza, maana hayo si kielelezo cha maji ya ardhini. Chupa ya kupimia benzini hujazwa pomoni pasibaki hewa, kwa kuwa benzini huruka upesi. Hutiwa katika barafu, huandikwa saa na jina la mchukuaji, na kupelekwa katika maabara isiyomtumikia mwenye kiwanda. Kisha kazi hurudiwa, wakati wa mvua nyingi na wa mvua chache, mwaka baada ya mwaka.

"Gharama ni kubwa," watasema. Ni kubwa kuliko nini? Kuisafisha ardhi iliyokwisha kunywa mafuta ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, mafuta pia.

"Hesabu hizo ni siri yetu," watasema tena. Bei ya chai yaweza kuwa siri. Sumu katika kisima cha jirani haiwezi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 42 na ya 43, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na ya maji safi na salama. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mwingine, zikihitajika kwa kulinda haki yake. Basi hesabu za visima na zibandikwe mahali pa wazi, shuleni, zahanatini na kwa chifu, kwa lugha isomwayo na wachumaji wa chai.

Ninyi wanafunzi mnafundishwa kemia. Hamna udhuru wa kuridhika na jibu la "maji ni maangavu." Ulizeni idadi ya visima, tarehe za kupima na jina la maabara. Asiyeweza kuyajibu hayo hajapima.